Nikope ili Riwaya Yangu Itoke?

SWALI

Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni soja wa usiku kwenye fleti moja Kilimani, nyumbani ni Kawangware. Nimeandika riwaya kwenye simu, maneno kama elfu sabini. Mchapishaji mmoja hapa tao anasema ameipenda, ingawa hajataja lolote kuhusu hadithi yenyewe. Nikimlipa Sh120,000 atanitolea nakala 300, na anadai kitabu kinaweza kuteuliwa shuleni. Chama chetu kiko tayari kunikopesha. Nikope? Pili, naogopa kutuma mswada kwingine nisije nikaibiwa. Tatu, naweza kutumia jina la kubuni? Nimekutumia kurasa tano za mwanzo.

B., Kawangware

JIBU

Usikope, B.

Nilishika kalkuleta kabla ya kufungua kurasa zako. Sh120,000 kwa nakala 300 ni Sh400 kila moja. Tuseme umeuza kwa Sh600, bei ambayo msomaji wa riwaya Nairobi huigeuzageuza mkononi kwanza. Duka la vitabu likikata asilimia 35, na yapo yanayokata zaidi, unabaki na Sh390. Kila nakala inayouzwa dukani inakutia hasara ya Sh10, na hapo hujalipa boda ya kuifikisha. Ukiuza mwenyewe mkononi itabidi umalize nakala 200 ndipo urudishe pesa za chama, bila kuhesabu riba. Mia mbili ni watu wengi, B. Jaribu kuandika majina yao kwenye karatasi.

Mchapishaji hutia pesa zake. Humlipa mhariri, hulipia jalada na karatasi, kisha hungoja mauzo pamoja nawe, na ndiyo maana husoma mswada kwa makini kabla ya kusema ameupenda. Huyo wako anauza kazi ya kupiga chapa. Si dhambi, kwenye barabara ya River Road hapa Nairobi kuna mafundi waaminifu wa kazi hiyo, na ukiamua siku moja kujichapishia kitabu utawahitaji. Utaenda na faili iliyokwisha kuhaririwa, uulize bei kwa watu watatu, uanze na nakala 50 zilizochapwa kwa mashine ya kidijitali, na ISBN, ile nambari ya utambulisho wa kitabu, utaiomba mwenyewe kwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Habari ya shule isikupumbaze: vitabu teule hupitia KICD, taasisi ya mitaala ya shule, na hakuna mwenye mashine ya kuchapa anayeweza kukuuzia nafasi hiyo.

Wizi nao haunitishi sana. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, maneno uliyoyaandika ni mali yako tangu ulipoyaandika, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Ukitaka cheti, KECOBO, bodi ya hakimiliki, husajili, lakini si lazima. Wazo tupu halilindwi, kwa hiyo acha kumsimulia kila mtu hadithi, nenda ukaiandike vizuri. Waandishi wapya wengi niliowahariri waliogopa wezi, na wezi wenyewe sikuwaona.

Sasa kurasa zako, ambazo ndizo nilizotaka kuzizungumzia.

Tatu za kwanza ni jua. Linachomoza, linapaka vilima vya Ngong dhahabu, ndege wanaimba. Lakini msimulizi wako ni soja wa usiku. Jua likichomoza yeye anavua koti aende kulala. Halafu, katikati ya ukurasa wa nne, umeandika kwamba mpangaji wa 4B hukumbuka kumsalimu soja kwa jina la babake kila mwezi unapofika tarehe kumi na kodi haijalipwa. Hapo nilikaa wima. Anza hapo. Zile kurasa tatu zifute, na usizifiche kwenye sura ya pili, maana nawajua nyinyi waandishi.

Kisha jiulize 4B anataka nini. Salamu zile si za bure. Labda siku moja atakuja na ombi: saa nane usiku pikapu ya kumhamisha itafika, taa zimezimwa, na lango lifunguke bila kelele. Soja akifungua, mwenye nyumba atamkata mshahara au kumfukuza. Asipofungua, atasimama akitazama watoto waliovaa sare za shule usiku kwa sababu nguo nyingine zimeshafungwa kwenye shuka. Sijui utachagua lipi, wala sitaki kukuchagulia, ila sura nzima iko hapo, na hujahitaji hata jua moja.

Mazungumzo yako yanahitaji jasho zaidi. Makanga wako anasema, "Abiria mpendwa, ningependa ulipe nauli yako sasa." Huyo ni msoma habari aliyening'inia mlangoni. Makanga halisi angesema, "Auntie, hii ni mbao, gari ni hamsini," na kugeukia abiria wa pili kabla Auntie hajajibu. Sheng hapo ni neno moja tu, mbao, yaani shilingi ishirini. Kinachomfanya awe makanga ni haraka yake. Simulizi yenyewe iache katika Kiswahili sanifu. Kitabu huweza kuchukua mwaka na zaidi kutoka meza ya mhariri hadi rafuni, na Sheng nyingi haisubiri. Soma kila mazungumzo kwa sauti ukiwa langoni; usiku Kilimani hakuna atakayekucheka ila paka.

Ukishaandika upya, tafuta wanaotoa riwaya za watu wazima kwa Kiswahili. Ni wachache, kwa kuwa mkate wa wachapishaji wetu uko kwenye vitabu vya shule. Maonyesho ya vitabu ya Nairobi, kwa kawaida Septemba pale jumba la Sarit, yatakuonyesha nani anatoa nini. Nenda siku ya mwisho jioni, wauzaji wamechoka na wanasema ukweli. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014, nayo hupokea miswada ambayo haijachapishwa.

Mkataba ukija, uliza asilimia ya mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa, inahesabiwa juu ya nini. Asilimia 10 ya bei ya kitabu cha Sh600 ni Sh60. Asilimia 10 ya kinachobaki duka likishakata asilimia 35 ni Sh39. Kwenye hizo KRA, watoza ushuru, huchukua asilimia 5. Dai pia kifungu cha kukurudishia haki kitabu kikiacha kuchapishwa, na haki za filamu usizitie humo bure.

Jina la kubuni, tumia upendalo jaladani. Kwenye mkataba andika lile la kitambulisho na PIN yako ya ushuru, la sivyo mrabaha utakaa kwa mhasibu ukimtafuta mwenye pesa.