Cha Mtumba Kipi Ninunue, Kipi Niache?

Maswali ya wasomaji kuhusu matumizi ya nyumbani. Anayejibu ni mama aliyeuza vyombo na fanicha za mtumba sokoni Kibuye, Kisumu, kwa miaka mingi.

SWALI: Shangazi, salamu sana. Tumehama kutoka Siaya baada ya mume wangu kupata kazi Kisumu, na tumepanga nyumba ya chumba na sebule hapa Mamboleo. Tuna akiba ya shilingi 45,000 ya kununua vitu vya nyumba: kitanda, godoro, viti, jiko la gesi, sufuria na friji. Friji naitaka hasa kwa sababu nataka kuuza maji baridi na maziwa mala. Jirani mmoja anahama mwisho wa mwezi na ameniambia nichukue vitu vyake kwa pamoja: friji 14,000, kitanda na godoro lake 8,000, viti 9,000. Mama mkwe amesikia na hakufurahi. Anasema nyumba ya mtoto wake haiwezi kuanza na masalio ya watu. Nifanye nini? – Mke Mgeni, Mamboleo.

JIBU: Mwanangu, karibu Kisumu. Usimpuuze mama mkwe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na yeye anataka tu kuona mtoto wake ameanza maisha kwa heshima. Lakini haihitaji kila kitu kiwe kipya ndipo aridhike. Godoro na shuka nunua vipya, umwambie kwamba anapolala mtoto wake pametoka dukani na nailoni yake. Hapo mtaelewana, na bado utakuwa umeokoa pesa nyingi.

Godoro la mtumba mimi sikuwahi kuliuza na sitakushauri ulinunue, hata likiwa safi kiasi gani. Kunguni hukaa ndani ya mshono na anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kusikia kwamba godoro halijalaliwa siku nyingi kusikutulize. Akishaingia nyumbani, pesa utakazotumia kwa dawa zitapita zile ulizookoa, na maji baridi hutauza, maana majirani wataanza kukwepa mlango wako.

Kitanda ni kitu kingine, hicho chukua. Mwambie jirani atenganishe bei: kitanda peke yake, godoro abaki nalo. Anayeuza kwa jumla mara nyingi anaficha kibovu kati ya vizuri. Kabla ya kulipa, kifungue kwenye maungio. Chukua kisu chembamba na tochi ya simu, pitisha ncha ya kisu pale ubavu unapoingia kwenye kichwa cha kitanda. Ukiona vidoa vyeusi kama wino uliodondoka, ni kinyesi cha kunguni. Kisha angalia miguu kwa chini. Vitundu vidogo vinavyomwaga unga mweupe ukigonga ni wadudu wa mbao, na vanishi haiwaui. Wauzaji wengine hupaka vanishi juu ya vitundu hivyo, ndiyo maana ninakuambia upindue kitanda, kwa sababu chini hawapaki. Kikiwa cha mvule, utakijua kwa uzito wake, kilipie bila kusita. Kitanda cha mvule kitakaa mpaka wajukuu, ilhali vingi vipya vya bei hiyo ni vya mbao laini ambayo haijakauka vizuri.

Sasa friji, ambayo ndiyo mtaji wako. Bahati yako ni kwamba unanunua kwa mtu aliye nyumbani kwake na stima ipo. Mwombe jambo moja: aizime usiku na aache mlango wazi, ili asubuhi uikute na joto la nyumba. Ukiikuta inawaka tayari, barafu utakayoonyeshwa inaweza kuwa ya jana. Iwashe ukiwa pale, uketi. Ikinguruma kisha ikakatika baada ya sekunde chache na mlio wa "tak", ikarudia hivyo tena na tena, kompresa imechoka, ondoka. Ikinguruma sawasawa, subiri nusu saa hivi. Ukuta wa frija, ile sehemu ya kugandisha barafu, uwe umeanza kushika baridi ya kuuma kidole, na mabomba ya nyuma au ubavu wa friji viwe na joto. Upande mmoja ubaridi, upande mwingine ujoto, hivyo ndivyo friji nzima inavyofanya kazi, inatoa joto ndani na kulitupa nje.

Wakati unasubiri, chukua noti ya mia, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikikaza kidogo, mpira ni mzima. Ikitoka yenyewe, baridi nayo inatoka pale pale. Rudia juu, chini na upande wa bawaba. Kisha pitisha vidole ndani ya frija utafute alama za kisu. Watu wengi hubandua barafu kwa kisu, wakatoboa bomba, gesi ikatoka, fundi akaziba na kujaza tena. Ukikuta pamezibwa kwa gundi ngumu, bei ishuke sana au uiache.

Soma pia kibao kilichobandikwa nyuma au ndani. Hapa Kenya stima ya nyumbani ni volti 240, hezi 50. Friji iliyotoka Uingereza haina shida, hata plagi yake ya pini tatu ni kama yetu. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni volti 120, ya Japani volti 100, na hizo zikichomekwa moja kwa moja ukutani zinaungua.

Kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Friji iliyochoka haipumziki, inanguruma mchana na usiku. Tuseme inakula uniti moja zaidi kila siku kuliko friji nzima, na uniti tuiweke shilingi 25. Hiyo ni 750 kwa mwezi, 9,000 kwa mwaka. Kwa hiyo friji ya 14,000 iliyochoka inakuwa ya 23,000 mwaka ukiisha, na faida ya maji baridi imeishia kwenye tokeni. Ndiyo sababu ninakazania ile nusu saa ya kukaa na kusikiliza. Ikipumzika yenyewe baada ya kupata baridi, hata kama itapita hiyo nusu saa, umepata friji.

Ukiichukua, isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazimika kulazwa, ikifika nyumbani isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Viti: kama ni fremu ya mbao yenye mito ya kutolewa, chukua fremu, ubadilishe sponji na vitambaa kwa fundi. Kama ni sofa iliyofunikwa kitambaa kote, ina hatari ile ile ya godoro. Sufuria nunua Kibuye Jumapili, ndiyo siku kubwa ya soko, na uende mapema. Iinue sufuria kuelekea jua uangalie kama kuna tundu linalopitisha mwanga. Gesi usitafute ya mtumba. Mtungi wa kilo 6 uchukue kwa muuzaji anayetambulika, mpira na regyuleta viwe vipya.

Na usisahau kwamba jirani ana haraka. Nyumba ina tarehe ya kurudisha funguo, na friji si kitu cha kubeba kwenye basi. Mpe bei yako kwa adabu, kisha umwache afikirie. Bakiza kama 5,000 za usafiri na fundi.

SWALI: Mama, mimi ni kijana wa chuo hapa Nakuru. Jamaa wa mtaani Section 58 ananiuzia simu nzuri kwa 6,000, dukani ni zaidi ya 18,000. Hana boksi wala risiti, anasema ameishiwa tu na anataka pesa leo. Nichukue? – Mwanafunzi, Nakuru.

JIBU: Usichukue, kijana wangu. Ninajua unavyoihitaji, lakini bei hiyo, bila boksi, bila risiti, na haraka ya leo leo, vikikutana pamoja vinakuambia jambo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inamhesabu mwenye hatia mtu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Ukifika kituoni na simu ya 18,000 uliyouziwa 6,000, itakuwa vigumu kueleza kwamba hukuwa na sababu ya kushuku.

Hata kama si ya wizi, kuna mtego wa pili. Simu nyingi siku hizi huchukuliwa kwa mkopo na kulipiwa kidogo kidogo kila siku. Mwenyewe akiacha kulipa, kampuni inaifunga kutoka mbali. Utaitumia wiki moja, kisha kioo kitakuambia ulipe deni la mtu usiyemjua. Wanafunzi wengi wanaumia hapo, na inaniuma kwa sababu pesa zenyewe ni za chakula.

Tafuta simu iliyotumika, sikukatazi, ila nunua kwa mtu mwenye boksi au kwa duka linalotoa risiti. Bonyeza *#06#, namba ya tarakimu 15 itakayotokea ifanane na ya boksi. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, airudishe simu ilivyotoka kiwandani, kisha iwashwe upya. Ikidai nenosiri la akaunti ya zamani, usilipe. Ikiwaka safi, lipa kwa M-Pesa ili jina lake na siku vibaki kwenye ujumbe, na upige picha kitambulisho chake. Muuzaji wa haki hatakataa.

SWALI: Shangazi, binti yangu yuko kidato cha tatu na mdogo wake ameingia Gredi ya 10. Vitabu vipya vinanishinda. Je, vya mtumba vitafaa wote wawili? – Baba wa Bungoma.

JIBU: Vitamfaa binti, si mdogo wake. Binti yako ni wa darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu. KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, na KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya mfumo huo itaishia 2027, kwa hiyo nyuma yake hakuna darasa jingine linalongoja vitabu hivyo. Hilo ni neema kwako. Waliomaliza wana marundo nyumbani na wanunuzi wanapungua kila muhula. Usikubali bei ya miaka iliyopita, na usimwendee muuzaji wa mjini kabla ya kuuliza familia zilizo karibu nawe zenye vijana waliomaliza juzi. Wengine watakupa bure. Vitabu teule vya fasihi hakikisha ni vya orodha ya darasa lake, maana hubadilishwa.

Wa Gredi ya 10 silabasi yake ni nyingine kabisa, na darasa lake ndilo la kwanza kufika hapo, kwa hiyo hakuna aliyemtangulia wa kumwachia vitabu. Uliza shule kwanza wanafunzi wanapewa vitabu gani, ndipo ununue kinachokosekana. Kamusi, atlasi na seti ya vifaa vya jiometri hivyo vinafaa wote wawili, na ukivipata vizima vya mtumba, vichukue leo.