Kabla ya Polima, Ulizia Maji ya Kidonda

Ukija kuanza kazi ya vifaa vya kufungia vidonda hapa Mombasa, polima, yaani zile molekuli ndefu kama mnyororo zinazounda vifaa hivi, iweke kando kwanza. Uliza kidonda kinatoa maji kiasi gani. Kijana akifika maabara na ndoo ya maganda ya kamba huku hana jibu la swali hilo, najua atamaliza muhula akitengeneza kitu cha kupendeza ambacho hakuna muuguzi atakayekigusa.

Nyumbani tumezoea kuambiwa kidonda kiachwe kipigwe upepo, kikauke, kifanye kigaga. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majeraha madogo kwenye ngozi ya nguruwe: yaliyofunikwa kwa utando wa polithini yaliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu maradufu ya yale yaliyoachwa wazi. Seli za ngozi husogea juu ya sehemu yenye unyevu. Kigaga kikikauka, seli hizo hulazimika kuchimba njia chini yake. Lakini maji yakizidi, ngozi ya pembeni hutota, hugeuka nyeupe na laini, na kidonda hupanuka. Kati ya kukauka na kutota ndipo ilipo kazi yetu yote.

Ukizipanga polima kwa namna zinavyoyatendea maji, hazitakuchanganya. Gozi ya pamba ni selulosi, nayo ni polima ingawa hakuna anayeipa heshima hiyo. Hunyonya vizuri, kisha hukauka na kushikana na nyama mpya, na ikibanduliwa huondoka nayo. Haidrojeli, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, hukipa unyevu kidonda kikavu. Utando wa poliyurethani huzuia maji na bakteria, ila hupitisha mvuke. Haidrokoloidi hunyonya polepole na kugeuka ute. Kidonda kinachotoa maji mengi ni cha sponji ya poliyurethani au aljineti.

Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia, na nyuzi zake hushikanishwa na kalsiamu. Zikigusa majimaji ya kidonda, sodiamu iliyomo huingia, kalsiamu hutoka, na nyuzi hulegea zikawa jeli. Kwenye kidonda kikavu mabadilishano hayo hayatokei, kwa hiyo unakuwa umebandika kitambaa tu. Hapa nionye jambo moja: mwani unaolimwa Kibuyuni, kule Kwale, ni wa jamii nyekundu. Hutoa karajinani, si aljineti. Karajinani ni polima nzuri kivyake, lakini pendekezo la utafiti linalochanganya hizo mbili halivuki ukurasa wa kwanza kwa msomaji anayejua. Wa kahawia tunao pia kwenye miamba yetu, Sargassum na Turbinaria.

Sasa vipimo. Usipime unyonyaji kwa maji yasiyo na chumvi. Polima za ndani ya nepi humeza maji ya namna hiyo mara mamia ya uzito wake. Tia chumvi uone, zinashuka hadi makumi. Kipimo cha Ulaya, EN 13726, kinataka maji yenye milimoli 142 za sodiamu na 2.5 za kalsiamu kwa lita, yaani gramu 8.298 za kloridi ya sodiamu na gramu 0.368 za kloridi ya kalsiamu ile yenye molekuli mbili za maji. Sampuli huloweshwa kwa nyuzi 37, dakika 30. Changanya chupa yako wiki ya kwanza, na matokeo yoyote ya maji matupu yasiingie kwenye daftari.

Kipimo cha mvuke unaopita kwenye utando ndicho kinachohitaji akili ya pwani. Karatasi za watengenezaji hutaja gramu za mvuke zinazopita kwa mita ya mraba kwa siku, na mgeni huziamini kama zilivyo. Namba hizo hupatikana kwa kawaida ndani ya kabati la nyuzi 37 lenye unyevu usiozidi asilimia 20. Nani anaishi humo? Piga hesabu ya haraka. Kidonda cha nyuzi 37 kina msukumo wa mvuke wa kama kilopaskali 6.3. Ndani ya kabati hewa ina 1.3 au chini yake, kwa hiyo tofauti inayosukuma mvuke nje ni 5. Hewa ya Mombasa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ina 3.4, na tofauti inabaki 2.9. Utando uleule, kidonda kilekile, lakini kinachotoka hakifiki hata theluthi mbili ya kilichoandikwa. Kilichobaki hutuama chini ya bandeji. Ongeza jasho la kaskazi linaloinua gundi pembeni, utaelewa kwa nini muuguzi analalamikia kifaa chenye sifa zote kwenye karatasi. Weka kipima unyevu karibu na sampuli zako na uandike namba yake kila siku. Utando uliokaushwa Februari na uliokaushwa Mei, mvua za masika zikinyesha, si kitu kimoja.

Kuhusu kitosani, polima inayotokana na yale maganda ya kamba, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu: ina chaji chanya, hushika chembe za damu, na inajulikana kwa kuzuia damu kutoka. Shida ni kwamba huyeyuka kwenye asidi hafifu, kama ya asetiki, si kwenye maji. Usipoondoa asidi hiyo, utando wako utamwasha mgonjwa. Ikikataa kuyeyuka kabisa, rudi kwenye hatua ya alkali ya moto, ile inayogeuza kitini ya maganda kuwa kitosani; haikukamilika.

Anayetaka kujifunza haidrojeli bila kemikali kali aanze na polivinili alkoholi: iyeyushe kwenye maji ya moto, igandishe, iache iyeyuke, rudia mara kadhaa. Minyororo yake hujifunga yenyewe kwa fuwele ndogo. Stima ikipotea katikati ya mzunguko, sampuli hiyo itupwe, wala usijaribu kuitetea.

Uuaji wa vijidudu uufikirie mapema, kwa sababu njia inayokifaa kifaa kimoja huharibu kingine. Mionzi ya gama hukata minyororo ya aljineti na kitosani, lakini huifungamanisha ya polivinilipirolidoni, polima nyingine inayofanya jeli. Mtafiti Janusz Rosiak wa Łódź, Polandi, aliligeuza hilo kuwa mbinu: dozi ya takriban kilogrei 25 inaunda jeli na kuua vijidudu kwa pamoja, kifaa kikiwa tayari ndani ya pakiti yake.

Na kabla hujachagua lolote kati ya hayo, omba ruhusa ukae na wauguzi wa kliniki ya vidonda. Usiende na sampuli: chochote cha kugusa mgonjwa kinangoja kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu. Nenda na daftari. Waulize bandeji inabadilishwa kila baada ya siku ngapi, inatokaje, mgonjwa anapiga kelele wakati gani. Mwenye kidonda cha mguu kwa ajili ya sukari, waulize anavaa kiatu gani, kwa sababu kiatu kikiendelea kukandamiza palepale, hakuna polima itakayoponya.