Muulize Fundi: Godoro limefanya bonde, sasa ninunue lipi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Mtama, Lindi. Mwaka juzi, baada ya malipo ya korosho, mimi na mume wangu tulinunua godoro jipya la tano kwa sita, inchi 8. Dukani tuliambiwa litadumu miaka. Sasa upande wa mume wangu limefanya bonde, na mimi usiku naporomokea huko huko. Asubuhi kiuno kimekaza, mpaka nishike ukuta ndipo niinuke. Tumeweka ubao chini, tumekunja blanketi tukaliziba lile shimo, wapi. Mwaka huu ufuta umetupa fedha kidogo. Muuzaji anasema tuchukue inchi 10. Jirani anasema gumu kabisa ndilo dawa ya mgongo. Mama mkwe anasema turudi kwenye kitanda cha kamba. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kiuno. Kabla ya kutoa hela, litoe godoro hilo, lisimamishe ukutani, mkitazame kitanda. Vitanda vingi vinavyoletwa hapa karakana kwangu Mikindani vina chaga nyembamba zilizokwisha pinda katikati, na mwenyewe hana habari kwa sababu godoro limezifunika. Chukua uzi, mmoja ashike kwenye mbao ya ubavu huu, mwingine ubavu ule, muuvute mpaka ukaze. Chaga zote zinatakiwa ziguse uzi au zikaribie. Ukiona zimeshuka chini ya uzi kiasi cha unene wa kidole gumba, godoro jipya nalo litazifuata chini, hata mkilinunua kwa bei gani.

Chaga zinunue upya, mbao ni rahisi kuliko sponji. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3. Kitanda cha futi 5 kinataka na mbao ya katikati yenye mguu wake unaofika sakafuni, maana uzito wa watu wawili hukaa hapo. Ule ubao mliolaza uondoeni. Ubao mzima hauruhusu hewa kupita chini ya godoro, na kwa unyevu wetu wa pwani ukiugeuza baada ya masika utakuta madoa meusi ya kuvu.

Sasa godoro lenyewe. Nadhani mlinunua unene. Karibu kila mteja hununua unene, kwa kuwa ndio unaoonekana kwa macho na ndio muuzaji anaoutaja kwanza. Lakini sponji ni vijumba vidogo vya hewa vyenye kuta, na kinachobeba mwili ni zile kuta. Sponji nyepesi ina kuta chache na dhaifu. Mtu akiilalia kila usiku, kuta za chini ya nyonga huvunjika kwanza kwa sababu nyonga ndiyo nzito, na joto la mwili pamoja na unyevu wa hewa huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana bonde lipo pale mumeo anapoweka kiuno, si miguuni.

Kwa hiyo uliza uzito. Viwandani sponji hupimwa kwa kilo za mita moja ya ujazo, ndiyo densiti. Sponji ya kilo 16 au 18 inafaa chumba cha mgeni anayekuja mara moja moja. Watu wazima wawili wa kila siku nawashauri wasishuke chini ya 25, na mkipata 28 au 30 msiiache. Shida ni kwamba karatasi iliyobandikwa kwenye godoro mara nyingi imeandika maneno matamu bila namba. Hapo ndipo unapotumia mizani.

Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa mita 0.57 hivi. Likiwa la densiti 18, sponji yake haifiki kilo 11. Likiwa la 28, inakaribia kilo 16. Tofauti ya kilo 5 haijifichi. Kava huongeza uzito kidogo, kwa hiyo usibishanie nusu kilo. Mnazo mizani za kuning'iniza huko kwenu, zile zile za kupimia magunia ya korosho na ufuta. Azimeni moja mwende nayo dukani, mlifunge godoro kamba, mlitundike. Muuzaji mwenye mali nzuri atafurahi mpime, na akikataa, nendeni duka la pili.

Kuna ujanja mmoja muujue. Wapo wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iongezeke uzito. Fungua zipu ya kava, sugua sponji kwa kidole kwa nguvu, kisha tazama kidole. Ikiacha vumbi jeupe, au ikimeguka chembe chembe, lirudisheni zipu mwondoke. Sponji nzuri ukiifinya kwenye kona inarudi hapo hapo na kidole kinabaki kisafi.

Muuzaji anayewapa inchi 10 simwiti mwongo, ila swali lake si lenu. Kama hela inatosha inchi 6 ya densiti 30 au inchi 10 ya densiti 18, chukueni inchi 6 na roho zenu zitulie. Hiyo ya inchi 10 itazama kama hii ya sasa, tena kwa bonde refu zaidi.

Jirani naye. Ugumu na densiti ni vitu viwili. Sponji inaweza kuwa nzito na bado laini, au nyepesi na bado ngumu siku ile ya kwanza, na hii ya pili ndiyo inayowadanganya watu wanaobonyeza kwa kiganja tu dukani. Kuhusu mgongo, mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa utafiti uliofanywa Hispania. Watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliolalia ya ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi. Godoro gumu mno huliacha bega na nyonga vikibeba mwili wote, na kiuno kinaning'inia bila egemeo.

Nendeni wote wawili dukani, wewe na mzee. Vueni viatu, mlale kwa pamoja, kwa ubavu mliouzoea, na msione haya watu wakipita. Laleni dakika 10 nzima. Kisha lala chali na mwenzako apitishe mkono chini ya kiuno chako. Ukipita wazi bila kugusa kitu, ni gumu mno kwako. Ukikwama kabisa, mwili umezama. Unatakiwa upite kwa kusukuma kidogo. Mzee akiwa mzito zaidi yako, chagueni kwa mwili wake kwanza, kwa sababu upande wake ndio utakaolegea mapema, na ukilegea utakuvuta wewe.

Springi nazitaja kwa haraka: nzuri zipo, bei yake juu, na zile za bei ya chini kwa hewa ya chumvi ya hapa pwani hushika kutu na kuanza kulia. Kwa fedha ya ufuta kidogo, bakini kwenye sponji.

Mama mkwe msimpuuze. Kitanda cha kamba kikilegea, unakaza kamba jioni ile ile, na bonde limekwisha. Magodoro ya sufi nayo yalikuwa hivyo, yakijikunja unayafungua, unaichambua sufi, unaianika juani, unajaza tena. Mimi nimekulia juu ya sufi na sijaona sponji iliyonipoza vile wakati wa joto. Ikiwa anacho kitanda chake na hakimuumizi, mwacheni nacho, tena mkazieni kamba. Ila wewe mwenye kiuno kilichokaza unataka sehemu iliyonyooka usiku kucha, na kamba hunyooka siku mbili tatu tu baada ya kukazwa.

Mkishafika nalo nyumbani, toeni nailoni. Najua wengi huiacha ili godoro lisichafuke, unakuta mwaka wa pili bado linachakacha. Nailoni hufungia jasho ndani, na jasho ndilo linaloilegeza sponji. Nunueni kava la pamba la kufua. Kila mwezi ligeuzeni, kichwani pawe miguuni. Kulianika nje ni vizuri, lakini sponji ikiwa uchi isikae kwenye jua kali, jua huigeuza njano na kuifanya imeguke. Risiti iwekeni pamoja na karatasi ya dhamana, na siku ya kununua muulizeni muuzaji bonde la kina gani ndilo analolipia, akuandikie kwa mkono wake. Siku ya kudai, pitisheni uzi ule ule juu ya godoro na mpime kina kwa rula mbele yake.

Jambo moja halihusu godoro. Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, usingoje kitanda kipya. Nenda Hospitali ya Sokoine pale Lindi mjini wakuangalie.

SWALI: Fundi, mimi niko Newala. Godoro langu la zamani limezama katikati tu, pembeni bado zima. Je, naweza kukata ile sehemu mbovu nikabandika sponji mpya?

JIBU: Kwa kitanda cha mtu mzima, hapana. Kipande kipya kitakuwa kigumu kuliko jirani zake, utalala juu ya kingo, na gundi hukakamaa. Lakini usilitupe. Kata pembeni palipo pazima kwa kisu kirefu chenye makali, ukikilowesha maji ili sponji isichanike, utapata mito ya viti vya sebuleni au godoro la benchi la barazani. Ile ya katikati ichane vipande vidogo ujazie mito ya kuegemea. Kabla ya kukata, choma kidole pale katikati unuse: ikinuka uvundo, hiyo ya katikati usiiingize ndani ya nyumba tena.