Nililia kwenye simu, bando likaisha

Jioni niliyompiga mwanangu kwa mwiko, hakuwa na kosa lolote la maana. Yuko darasa la pili, anasoma kwa sauti, amekwama kwenye neno "ng'ombe" mara ya nne, na ugali wangu unaanza kushika chini. Niligeuka na mwiko ukiwa bado wa moto. Hakulia. Alifuta ugali uliomrukia shavuni, akarudi kwenye kitabu, akalisoma lile neno sawasawa. Usiku ule sikulala. Kulia kwake ningekuzoea, lakini ule ukimya ulinitisha.

Niwaeleze kidogo nyumba yangu. Mume wangu kazi yake iko Tunduma, anakuja mwisho wa mwezi Mungu akijalia. Hapa Tabata nipo mimi, watoto wawili na mama mkwe. Natoka ofisini Posta saa kumi na moja jioni, foleni inanila, naingia ndani saa moja na nusu nikiwa na kapu mkononi, na kabla sijavua viatu nimeshaulizwa mambo matatu. Wengi mnaosoma hapa mnaijua hiyo saa moja na nusu.

Dada mmoja wa ofisini ndiye aliyenishauri nitafute mshauri nasaha wa kwenye simu. Nilicheka. Nilidhani hayo ni mambo ya watu wenye nafasi zao, wa kukaa kwenye kochi na kuulizwa habari za utotoni. Lakini kwenda hospitali mchana maana yake ni kuomba ruhusa kazini na kueleza naumwa nini, na sikuwa tayari kusema. Basi nikaingia mtandaoni.

Wa kwanza niliyempata alinigharimu. Alikuwa na picha nzuri na maneno matamu, akataka nilipie vikao kumi kwa mkupuo ili nipate punguzo. Nikatuma nusu. Siku ya kikao nasikia honi za daladala na mtu akimuuliza bei ya kitenge. Sijamaliza sentensi ya pili, ananisomea Mithali, kwamba mwanamke mpumbavu huivunja nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Nilikata simu nikiwa na hatia kuliko nilivyoanza. Hela haikurudi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: lipia kikao kimoja kimoja. Na kabla hujatuma hata mia, muulize amesomea nini, wapi, na nani anamsimamia. Mshauri wa kweli haoni swali hilo kuwa matusi. Huyu niliye naye sasa alinijibu kabla sijauliza: shahada yake ya saikolojia, hospitali aliyofanyia mazoezi, na kwamba anaye mkubwa wake wa kazi anayemwendea kesi zikimlemea. Akaniambia pia ni kipi katika maongezi yetu hakitaandikwa popote, na kipi kitaandikwa. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na habari za afya yako ni taarifa nyeti. Una haki ya kuuliza maneno yako yanatunzwa wapi. Kinyume chake, mtu akikutajia dawa za usingizi kwa WhatsApp bila kukuona, mkimbie.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna aliyenionya. Gumu kuliko pesa ni mahali pa kuongelea. Nyumba zetu kuta zake zina masikio. Nilijaribu chumbani, mama mkwe akaja kuuliza chumvi iko wapi. Nilijaribu bafuni bomba likiwa wazi, nikawaza bili ya maji. Mwishowe nilianza kushuka kituo kimoja kabla ya changu na kukaa kwenye benchi la uwanja wa kanisa, pale ambapo mlinzi alishanizoea na kudhani nasali. Naongea kwa sauti tupu, bila video. Video inakula bando, halafu ukijiona unavyolia kwenye kioo unaanza kujipangusa badala ya kusema. Kikao cha pili nilikuwa nimefika penyewe kabisa, nalia hadi kwikwi, simu ikakata. Bando kwisha. Nililia, nikacheka, nikaongeza salio, nikampigia tena. Siku hizi nahakikisha bando kabla sijafungua mdomo.

Na jambo dogo ambalo si dogo: watoto wetu wanashika simu zetu. Funga mazungumzo yako kwa namba ya siri. Mtoto asikutane na "leo nilitamani nisingezaa" wakati anatafuta katuni.

Nilitarajia tumjadili mtoto. Mshauri hakuonyesha haraka naye. Alinipa kazi ya wiki moja: niandike kwenye daftari kila nilipofoka, saa ngapi, na nilikuwa nimeshika nini. Daftari lilirudi na aibu yake. Karibu kila mara ilikuwa kati ya saa moja na nusu na saa mbili usiku, na nilikuwa na kapu, sufuria au simu ya kazi. Jumapili hakukuwa na hata alama moja. Yaani ng'ombe wa watu hakuwa na hatia.

Tiba yake ilikuwa rahisi hadi nikaona naibiwa. Nikishuka kwenye daladala, nikae dakika kumi gengeni kwa mama wa mboga kabla ya kuingia ndani. Nisishike simu. Nikifika, nivue viatu, ninawe, ndipo nisalimie. Na kusoma kwa mtoto kuhamie asubuhi, dakika kumi na tano tu, wakati uji unapoa. Wiki ya kwanza nilishindwa siku mbili. Nilipiga kelele, lakini mwiko ulikaa kwenye sufuria.

Aliniambia habari ya mabibi wa Zimbabwe ambayo imenikaa. Mwaka 2006, pale Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi 14 kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu wenye huzuni. Washona, kabila kubwa la huko, huita hali hiyo kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema mtu ana mawazo. Mwaka 2016 utafiti ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi hizo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nilimwambia, kumbe nawe ni bibi wa kwenye simu. Akacheka sana.

Lakini simu ina mpaka wake. Kama una kichanga na siku zinapita huna hamu naye, huli, hulali hata akilala, nenda kliniki ukamwone mtu ana kwa ana. Kama unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kikao cha Alhamisi. Mwite jirani akae nawe, kisha uende hospitali ya rufaa ya mkoa au Muhimbili, ambako kuna idara ya afya ya akili. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni bure, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Mimi nalipa 25,000 kwa kikao. Nilianza kila wiki, sasa ni mara moja kwa mwezi. Mwanangu nilimwomba msamaha mwezi wa pili wa vikao. Aliniuliza kama anaweza kuongezewa sukari kwenye uji. Na mama mkwe, ambaye nilimficha muda wote huo, siku moja alinikuta najiandaa kutoka na simu. Akachukua khanga yake na mkono wa mdogo. "Kaa humu humu ndani mwanangu, uongee. Sisi tunakwenda dukani, na tutachelewa."