Usilipie hilo jaketi la ngozi, subiri kwanza

Mleta uzi, SIMAMA HAPO HAPO. Umesema unaenda kusoma Minneapolis Januari, una laki tatu, muuzaji wa Kariakoo kakushikia jaketi la ngozi na hudi mbili nzito "za baridi ya Marekani", unauliza uongeze buti gani na kama ubebe blanketi. Usilipe hata mia. Maneno hayo hayo nilishauziwa mimi.

Nilitua Minnesota na jaketi la ngozi la laki na themanini, zito kama gunia la mkaa, ndani hudi ya pamba, ndani tena fulana ya pamba, chini jinzi. Siku moja nikachelewa basi, nikakimbia, jasho likanitoka mgongo mzima, basi lenyewe likaniacha, ikabidi nisimame kituoni dakika ishirini kungoja lingine, nje nyuzi 19 chini ya sifuri na upepo juu. Aisee ile fulana iliyolowa ikanishika mgongoni kama imetolewa kwenye friji sasa hivi. Nafika nyumbani funguo naiona kabisa mkononi lakini vidole havina habari nayo, nikabisha mlango kwa kiwiko mpaka mama mmoja wa Eldoret tuliyekuwa tunakaa nae akafungua. Hakuuliza kitu. Alinivua jaketi, akageuza kola ya fulana, akasoma lebo: pamba asilimia 100. "Nani amekutuma huku na hii?"

Na wale mtakaokuja na "si ungekaa ndani", darasa halimfuati mtu chumbani.

Iko hivi: pamba inakunywa jasho na hailiachii. Kinachokutunzia joto ni ile hewa iliyonaswa kwenye nguo, sasa ikishalowa hewa inatoka yanaingia maji, na maji yanakunyonya joto haraka mno kuliko hewa. Ndo maana unene haukusaidii, hudi nzito ya pamba inabeba tu maji mengi zaidi. Sufu hata ikipata unyevu bado ina joto, polyesta inakauka upesi. Kwa hiyo KINACHOGUSA NGOZI KISIWE PAMBA. Fulana, suruali ya ndani, soksi, vyote. Jinzi ndo usiseme, theluji ikiyeyukia magotini inakakamaa kama kadibodi.

Yule muuzaji aliyeniuzia mimi ananiuma mpaka leo. Theluji hajawahi kuiona hata ya Kibo kwa karibu, ila anakuapia kwa mama yake mzazi! Na jaketi lenyewe mtumba, lilikuja na kontena kutoka huko huko, mimi nikalirudisha kwao na uzito wa begi nikalipia.

Hiyo laki tatu yako chukua seti mbili za nguo za ndani za polyesta na soksi za sufu, zungukia mitumba ya Karume au Memorial pale Moshi wanakopita wapanda mlima, na sweta moja ya sufu ya kushukia nayo uwanja wa ndege. Hela inayobaki ibebe. Jaketi la kuzuia upepo utalipata kwenye maduka yao ya mitumba, mimi la pili nililipa dola 18 na nimelivaa miaka minne.

Zile hudi alizokushikia, geuza lebo ya ndani, piga picha uiweke hapa leo kabla hajafunga duka.