Darubini ya raifo ya .375: ziro iwe mita 50, 100 au 200?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Liwale, nina raifo ya .375 H&H, vibali vyote vipo na leseni ya kuwinda ninayo. Nimefunga darubini mpya. Jamaa yangu wa Dar kanambia niweke ziro, yaani ule umbali risasi inapiga palepale ninapolenga, iwe mita 200 kama wanavyofanya Marekani, mzee wangu anasema huku porini 50 inatosha. Nimsikilize nani? Halafu nina risasi zenye uzito wa greni 300 na za greni 270, ziro moja inafaa kwa zote?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Mzee wako yuko karibu zaidi na ukweli, ila mimi nakwambia weka 100.

Darubini imekaa juu ya mtutu, kama sentimita (senti) 4 hivi kutoka katikati ya darubini mpaka katikati ya mtutu, kwahiyo risasi inaanza safari ikiwa chini ya mstari wa jicho lako, inapanda inaukata ule mstari, halafu uzito wake unaivuta chini tena. Chukua hiyo greni 300 inayotoka kwa spidi ya kama mita 770 kwa sekunde. Ukiweka ziro 100, kwenye mita 50 inapiga palepale unapolenga, hata nusu senti haipishani, kwenye 150 inakuwa chini senti 5 hivi na kwenye 200 kama senti 16. Ukiweka 50 ya mzee, kwenye 100 unakuwa chini kama senti 1 tu, yaani karibu ni kitu kilekile. Shida ya 50 ni kwamba kosa dogo hulioni kwenye karatasi, nusu senti pale ni senti 2 ukifika mita 200.

Sasa hiyo 200 ya jamaa yako. Ukiiweka, kwenye mita 100 risasi inapita juu ya unapolenga kwa senti 8. Swala pala, ile sehemu ya moyo na mapafu ina kama senti 15 tu kutoka juu mpaka chini, kwahiyo ukilenga katikati yake una senti 7 na kitu za kuchezea, na darubini yako imeshazila zote kabla mkono haujatetemeka. Hapo unajeruhi mnyama anakimbia na jeraha, na hilo mimi linaniuma kweli, mnyama anaenda kufa siku ya pili kwenye kichaka hakuna anayemwona. Akiwa nyati sehemu yenyewe ni kubwa ndiyo, lakini nyati aliyejeruhiwa anaenda kujificha na wa kwanza kumkuta ni mfuatiliaji nyayo, siyo wewe mwenye bunduki. Wenzetu kule wanapiga kwenye nyika za wazi na milimani, mnyama yuko mita 250, kwao 200 ina maana. Miombo ya Liwale mvua zikiwa zimenyesha unamwona mnyama kwenye mita 60, 80, na hata Septemba moto ukishapita nyasi zimeisha bado nafasi nyingi ni chini ya 120. Ukimkuta mbugani yuko 200, sogea.

Kuweka kwenyewe: anzia mita 25 upate risasi kwenye karatasi, hapo unataka ipige kama senti 1 chini ya unapolenga, ndipo uhamie 100. Piga 3, tafuta katikati ya matundu yote 3, ndiyo ugeuze, usifukuzie tundu moja moja. Darubini nyingi kliki moja ya kitufe cha kurekebishia ni robo dakika ya pembe, yaani kama milimita 7 kwenye mita 100, kwahiyo ukiwa chini senti 6 ni kliki 8. Mfuko wa mchanga uwe chini ya mbao ya mbele, usigusishe mtutu, na begani weka taulo nene maana .375 inapiga na ukishaanza kufumba macho kabla ya triga hakuna ziro hapo. Acha mtutu upoe kati ya duru na duru, na risasi usiziache kwenye dashibodi juani, joto linabadilisha presha. Fanyia sehemu inayoruhusiwa yenye tuta kubwa la udongo nyuma, siyo kwenye mikorosho ya watu, hiyo risasi inaenda kilomita na kilomita.

Halafu ukishatoka Nangurukuru mpaka Liwale na ule mtikisiko wa gari, kaza skrubu za vishikizo vya darubini na upige tena moja au mbili kabla ya kuingia kwenye kitalu cha kuwindia. Kama kitako ni cha mbao angalia pia masika ikipita, mbao ikivimba ikagusa mtutu ziro inahama yenyewe.

Kuhusu 270 na 300, usidhani zitaangukia pamoja, bunduki nyingine zinazipeleka karibu na nyingine zinaziachanisha hata kushoto kulia. Weka ziro kwa greni 300 kama ndiyo unayowindia, halafu bila kugusa darubini piga 270 tatu kwenye karatasi hiyohiyo upime zimeangukia wapi, uandike kwenye boksi lake. Zikiwa mbali zaidi ya senti 5, zile 270 baki nazo za mazoezi tu.