Majibu kwa Madereva Wapya: Ulizia Mkataba Kabla ya Posho

Maswali mengi ya safari hii yametoka kwa vijana wenye leseni ya daraja E wanaotafuta kampuni ya kwanza ya malori, nami nimeyafupisha. Ujumbe wa "mzee, nipe konekisheni" nimeuacha ulipo.

Shikamoo mzee. Ni kampuni gani ya malori hapa Mwanza inayolipa vizuri? (Msomaji wa Igoma)

Marahaba. Swali hili hunifikia kila mara, na muulizaji hasemi kama anauliza mshahara wa mwezi, posho ya safari au malipo ya tripu. Sitaji kampuni. Niletee barua ya ajira uliyopewa, hapo tutakuwa na la kuzungumza.

Nina daraja E na cheti cha VETA, lakini kila ninakokwenda wanadai uzoefu wa miaka mitatu. Nitaupata wapi ikiwa hakuna anayeniajiri? (Msomaji wa Nyakato)

Malalamiko yako yana haki, ingawa wanaokukataa si lazima wawe wakorofi: kichwa cha lori na trela lake ni mali ya mamilioni mengi, na bima nayo humwangalia dereva. Kwa hiyo usianze kwa kubisha hodi kwa wenye semitrela. Yapo mafuso na malori ya tani kumi yanayosambaza saruji, vinywaji na mchele katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, dereva wa njia ya Sengerema na Geita hasubiri tena kivuko, bali anakwenda, anashusha na kurudi kulala nyumbani. Fanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja au miwili, kisha uondoke na barua ya mwajiri ambaye akipigiwa simu atapokea na kukutambua. Malori ya dagaa yanayopakia Mwaloni, Kirumba, nayo huwapokea wapya, lakini huko mwenye mzigo anataka afike sokoni kabla ya wenzake, na atakayekeshwa ni wewe.

Mnaonunua barua za uzoefu za kughushi, fahamuni kwamba meneja wa usafirishaji haisomi sana hiyo barua. Anakukabidhi funguo na kukuambia urudi nyuma na trela hadi kwenye gati la kupakilia. Ukikata usukani upande usiostahili, trela likajikunja mbele ya mafundi wote wa yadi, mahojiano yamekwisha.

Nimepata kampuni yenye posho nono ya safari, ila mshahara ni mdogo, na mkataba wanasema utakuja baadaye. Nikubali? (Msomaji wa Usagara)

Usikubali mpaka huo mkataba uje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na wakati mzuri wa kuyadai ni kabla hujashika funguo, maana baada ya hapo utakuwa Singida na mzigo wa watu ukijadiliana kwa simu. Nanyi mnaoshangilia posho, tazameni inavyokuwa dereva akiugua. Sheria inampa siku 63 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 63 nyingine kwa nusu mshahara, lakini mshahara wenyewe ni kile kidogo kilichoandikwa, kwa kuwa posho ya safari haimfuati mtu kitandani. Ulizia pia kama michango ya NSSF inapelekwa kweli, na kama kampuni imesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake bila kukugusa wewe.

Kisha soma kipengele cha makato, maana hapo ndipo vijana wanapoumizwa. Mwajiri hawezi kuamka tu akakukata kwa sababu kioo kimevunjika au mzigo umepungua. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lako ukiwa kazini, uandikiwe chanzo na kiasi chake, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Kampuni inayokusainisha karatasi tupu "kwa ajili ya dharura" inajua kabisa inachokifanya.

Suala la mafuta ni baya zaidi. Kampuni nyingi hupima dizeli kwa safari, na inayopungua unalipa wewe. Kipimo kikiwa kidogo kupita kiasi, dereva mgeni hujifunza ujanja wa kuteremka mlima Sekenke kwa gia huru, yaani bila gia kushika, ili abane lita chache, akiwa na mzigo mzito mgongoni na breki peke yake za kuushikilia, na breki hizo zikishika moto zinaacha kukamata. Kwa hiyo uliza kabla: kwa njia hii mnatoa lita ngapi, nani alizipima, na lori likiwa na mzigo gani? Nyinyi mnaouza mafuta ya tajiri kwenye madumu msijifiche nyuma ya hoja hii. Mmewaharibia wenzenu jina, na vipimo vimebanwa kwa sababu yenu.

Dalali anataka laki tatu ili aniingize kwenye kampuni kubwa. (Msomaji wa Buhongwa)

Kaa na laki tatu zako.

Nianze na safari za ndani au za nje? (Msomaji wa Sengerema)

Za ndani. Anayebeba mzigo wa Kigali, Bujumbura au Kongo anahitaji hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na akishavuka Rusumo au Kabanga analazimika kuhamia upande wa kulia wa barabara, kwa kuwa Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Uganda, kwa anayepita Mutukula, ni kushoto kama hapa kwetu. Jifunze kwanza lori, kisha mipaka, na malori ya mafuta yawe ya mwisho kabisa. Popote uendapo usipakie mtu usiyemjua, hata akilia machozi. Madereva wamefungwa kwa kubeba wahamiaji haramu.

Nitajuaje kama magari ya kampuni ni mazima? (Msomaji wa Misungwi)

Omba kuingia yadi. Washa lori, jaza upepo, zima injini, kanyaga breki uishikilie huku ukitazama geji: mshale ukiendelea kushuka, upepo unavuja, na ukitulia utasikia mlio wake upande wa trela. Inama uone kama mipira ya upepo inayokwenda kwenye trela imeunganishwa, kwa maana wapo mafundi wanaoziba breki za trela badala ya kuzitengeneza. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu kaa na matingo, yaani wasaidizi wa madereva, uwanunulie chai. Hao hawana sababu ya kukupamba.

Bosi anasema faini ya mizani, lori likizidi uzito, ni juu yangu. Ni kweli? (Msomaji wa Kisesa)

Kikomo cha Afrika Mashariki cha uzito wa lori pamoja na mzigo ni tani 56 kwa lori lenye ekseli (vyuma vinavyobeba magurudumu) za kutosha, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake, kwa hiyo unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukakamatwa kwa mzigo uliopangwa vibaya. Mpangilio ni kazi yako kuukagua kabla ya kutoka. Kiasi cha mzigo anakiamua bosi, basi faini yake aiandike kwenye mkataba kuwa yake.

Niliachishwa kazi baada ya miezi minne bila barua. Sasa ni miezi miwili nipo nyumbani. Nishtaki wapi? (Msomaji wa Geita)

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na umechelewa. Shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30. Ukipitisha, itakubidi uombe kwanza kuongezewa muda kwa sababu zinazoeleweka. Zaidi ya hapo, aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga ya kuachishwa isivyo haki. Kama wanakudai au unawadai mshahara na makato, hilo ni dai la namna nyingine lenye siku 60, na kwa hesabu ya barua yako zimebaki chache mno. Nenda kesho asubuhi, ubebe kila karatasi ya mizani na ya mafuta yenye jina lako.